Hesabu ya Kalori Ilivyonishinda Mpaka Nilipopima Sufuria

Mwezi Januari 2022 nilikwenda kupima presha katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani kwangu, Temeke, nikakutwa na 148 kwa 94. Muuguzi aliyenihudumia, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, alinipandisha kwenye mzani, akasoma kilo 86, akanipima kimo, sentimita 160, kisha akaniambia kwa upole: "Mama, inabidi upunguze mwili. Punguza ugali." Nikamwuliza nipunguze kiasi gani. Akatabasamu. "Kidogo kidogo tu, mama."

Kazi yangu ni uhasibu, na kwa mhasibu "kidogo" si kiasi. Kidogo kutoka kwenye kitu gani, na kibaki nini? Sikuwa najua ninakula kiasi gani kwa siku, wala mwili wangu unahitaji kiasi gani, na mtu asiyejua mapato wala matumizi hawezi kuambiwa abane matumizi. Jioni ile nilichukua daftari la kurasa mia moja, nikaandika umri wangu, miaka 42, na uzito na kimo nilivyopimwa kituoni, nikaanza kutafuta kanuni.

Kanuni niliyoipata, na ambayo bado naitumia, ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Inakadiria nishati, inayohesabiwa kwa kalori, ambayo mwili unaitumia kwa siku ukiwa umelala tu, kwa ajili ya moyo, mapafu, ubongo, ini na kuulinda mwili usipoe. Uzito wa kilo unazidishwa kwa 10, kimo cha sentimita kinazidishwa kwa 6.25, viwili hivyo vinajumlishwa, kisha unatoa umri uliozidishwa kwa 5. Mwisho mwanamume anaongeza 5 na mwanamke anatoa 161. Kwangu ilikuwa 860 jumlisha 1,000, toa 210, toa 161, ikabaki kalori 1,489. Ili kupata mahitaji ya siku nzima, namba hiyo huzidishwa tena kwa kizidisho cha shughuli: 1.2 kwa mtu wa kukaa kutwa, 1.375 kwa mwenye shughuli nyepesi, 1.55 kwa mwenye shughuli za wastani, na 1.725 kwa wenye kazi za sulubu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na nililifanya kwa kujipenda. Nilijiona mchapakazi. Hupanda daladala alfajiri nikiwa nimesimama, hupanda ngazi za ofisi, hufua Jumamosi, hupika kila jioni. Nikajipa 1.55 bila kusita, nikapata 2,308. Nilikuwa nimesoma kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo nikatoa 500 kwa siku, nikabaki na 1,808, nikapiga hesabu ya wiki nne: 14,000 gawanya kwa 7,700, sawa na kilo 1.8. Niliipigia mstari mwekundu namba hiyo kama ninavyopigia mstari salio la mwisho wa mwezi.

Wiki nne zikapita. Nilikuwa nikiandika kila kilichoingia kinywani kwa kutumia programu ya simu, na wastani wangu ulikuwa 1,810 kwa siku, yaani nilikuwa nimelenga shabaha barabara. Uzito ulikuwa kilo 86. Haukupungua hata robo.

Lazima nieleze namna nilivyokuwa nikipima, kwa sababu wengi huvunjikia hapo. Nilijipima kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai, nikiwa na khanga moja, na juma moja la mwezi ule lilisomeka hivi: 85.9, 86.8, 86.1, 85.4, 86.3, 86.0, 85.7. Anayetazama siku ya pili peke yake atalia, na anayetazama siku ya nne peke yake atafanya sherehe, ilhali wastani wa juma zima ni 86.0. Chumvi ya dagaa wa jana yake, maji, siku za hedhi, hata choo ambacho hakijatoka, vyote huusogeza mzani kilo nzima bila mafuta kuongezeka wala kupungua. Tangu hapo sijawahi kuamini kipimo cha siku moja. Nalinganisha wastani wa juma na wastani wa juma.

Sasa, mhasibu anapokuta vitabu vinalingana lakini fedha haipo sandukuni, halaumu sanduku. Kuna risiti ambayo haikuandikwa. Nilikwenda Kariakoo nikanunua mzani mdogo wa jikoni, ule wa betri unaopima gramu moja moja, nikarudi nao nyumbani kama mkaguzi wa hesabu.

Kitu cha kwanza nilichokipima kilikuwa chupa ya mafuta ya kupikia. Niliiweka juu ya mzani kabla sijaanza kupika mchicha wa jioni, ikasoma gramu 1,420. Nikapika kama ninavyopika siku zote, kwa mkono wangu wa kawaida, pasipo kujizuia: kitunguu kikakaangwa, nyanya zikaingia, nikaona sufuria imekauka nikamimina tena kidogo, mchicha ukaingia. Nikairudisha chupa. Gramu 1,352. Gramu 68 zilikuwa zimeingia kwenye mchicha, na kwa kuwa kila gramu ya mafuta ina takriban kalori 9, ile sufuria ya majani ilikuwa imebeba zaidi ya kalori 600 za mafuta peke yake. Tulikuwa watu watano mezani, hivyo fungu langu lilikaribia 120. Katika daftari, usiku baada ya usiku, nilikuwa nimeandika: mchicha, 40, yaani majani tu, bila mafuta.

Nilikaa jikoni kwa muda nikiitazama ile chupa. Mume wangu alipita akauliza kama mafuta yameisha.

Baada ya mafuta nikaipima sukari. Programu ilinipa kalori 16 kwa kijiko cha chai, yaani gramu 4 za sukari, na bila shaka hicho ni kijiko kilichofutwa juu kwa kisu. Kijiko changu kina kilima. Nilikipima mara tano, kikawa kinasoma gramu 7 au karibu yake. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 63, sawa na kalori 252. Mimi nilikuwa nimeandika 144.

Halafu chapati. Programu ilisema chapati moja ina kalori 120, nami nikaikubali kwa kuwa jina ni lile lile. Kumbe iliyokuwa ikizungumziwa ni chapati ya Kihindi, nyembamba, inayochomwa kwenye kikaango kikavu, ambayo na yangu zimeshirikiana jina tu. Jumapili moja nilipima kila kitu: unga wa ngano kilo 1, ambao una takriban kalori 3,640, na mafuta ya kukandia, ya kukunjia na ya kukaangia jumla gramu 230, ambayo ni zaidi ya kalori 2,000. Zilitoka chapati 18. Kila moja ilikuwa na kalori 315. Nilikuwa nakula mbili, mara mbili kwa juma.

Nilipojumlisha yale yaliyopotea (mchicha, sukari na chapati, kila kimoja kwa wastani wa siku) nilipata karibu 340. Kwa hiyo sikuwa nimekula 1,810. Nilikuwa nimekula takriban 2,150, na kwa kuwa uzito haukupanda wala kushuka kwa mwezi mzima, basi 2,150 ndiyo yalikuwa mahitaji yangu halisi. Ukigawanya kwa 1,489 unapata 1.44, namba ambayo haimo kwenye vizidisho vile vinne; iko katikati ya shughuli nyepesi na shughuli za wastani, mahali ambapo nadhani wanawake wengi wa mjini wenye kazi ya mezani na nyumba ya kuendesha tunaishi.

Nalirudia hili kila ninapoulizwa, kwa sababu naona watu wakibishana kuhusu kikokotoo gani ni sahihi. Kanuni ya mwaka 1990 ilitokana na watu 498 waliopimwa Nevada, Marekani. Kanuni ya zamani zaidi, ya Harris na Benedict ya mwaka 1919, nayo ilitokana na Wamarekani. Zote ni kazi nzuri, lakini zinatoa wastani wa watu wenye kimo, uzito na umri kama wako, si wewe, na kupishana na ukweli kwa asilimia 10 si jambo la ajabu. Kwangu asilimia hiyo ingekuwa kalori 149 hata kabla ya kizidisho. Mimi nimekuja kuiona kanuni kama bajeti ya mwanzo wa mwaka, inayoandikwa ili baadaye ilinganishwe na matumizi halisi. Matumizi halisi huonekana kwa kuandika chakula kwa uaminifu majuma matatu au manne na kuutazama mzani unasema nini.

Kuandika kwa uaminifu ndiko kugumu, hasa kwetu, kwa kuwa hatuli vyakula vya pakiti vilivyoandikwa kila kitu ubavuni. Na hata pakiti zina mitego yake. Kuna siku niliacha kabisa biskuti fulani kwa kusoma kwamba gramu 100 zina nishati 2,000, nikashangaa inawezekanaje, mpaka mwanangu aliponionyesha kwamba hizo zilikuwa kilojuli, kipimo kingine cha nishati, si kalori. Ukizigawanya kwa 4.184 unapata kalori 478, ambazo bado ni nyingi, lakini si za kukimbia nyumba. Kalori ninazozitaja humu ni zile za chakula, ambazo wanasayansi huziita kilokalori.

Kwa vyakula vyetu nilipata msaada mkubwa katika majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard. Humo umo ugali, umo mchicha, na vingine tunavyovipika kila siku, jambo ambalo programu za simu hazikuwa nalo. Hata hivyo jedwali haliwezi kujua mkono wa mpishi, na kwa hiyo nilianzisha utaratibu ninaouita hesabu ya sufuria.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila sufuria yangu nimeipima ikiwa tupu, na uzito wake nimeukwangua kwa msumari kwenye kitako. Ile kubwa ina gramu 1,130. Ninapopika napima vitu vikavu vinavyoingia, kwa sababu maji hayana kalori, na chakula kikiiva naipima sufuria nzima, natoa uzito wake, nabaki na uzito wa chakula. Ugali wa nyumbani kwangu huingia unga wa sembe gramu 600, wenye takriban kalori 2,160, na hutoka ugali wa gramu 1,800, kwa hiyo kila gramu ina kalori 1.2. Nikijipakulia gramu 350 naandika 420. Siku ugali ukiwa mlaini zaidi, namba hubadilika, ndiyo maana kupima sufuria iliyoiva ni bora kuliko kukariri. Kwa maharage, pilau na wali ni hivyo hivyo, na baada ya miezi miwili jicho lilikuwa limejifunza kiasi cha kuniruhusu kupima mara moja moja tu.

Kitu kimoja kilichonishinda mpaka leo ni nazi. Unaweza kuipima nazi iliyokunwa kabla ya kuikamua, lakini ukishapata tui zito na tui jepesi, chicha inayobaki bado ina mafuta yake, na hakuna namna ya kujua jikoni ni kiasi gani. Mimi ni mtu wa Tanga, na kuacha nazi hakukuwa kwenye mjadala. Niliamua kuihesabu nazi yote kana kwamba hakuna kilichobaki kwenye chicha, nikijua kwamba nakosea kwa upande ulio salama.

Kwa mahitaji ya 2,150 nilipanga kula 1,650. Jambo la kushangaza ni kwamba ugali, ambao kila mtu alikuwa ameunyooshea kidole, niliupunguza kidogo tu, kutoka gramu 350 hadi 280. Mengine yalitoka kwenye chupa ya mafuta, ambayo sasa naipima kwa kijiko cha chakula badala ya kumimina, na kwenye vile vilima vya sukari. Juma la kwanza nilipungua kilo 1.8, nikafurahi kupita kiasi; baadaye nikaelewa kwamba sehemu kubwa ilikuwa maji, kwa kuwa wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji yenye uzito wa mara tatu hivi ya wenyewe, na ukipunguza kula, akiba hiyo huondoka na maji yake. Majuma matatu yaliyofuata nilipungua kilo 1.1 kwa jumla. Hiyo ndiyo ilikuwa kasi ya kweli.

Kulikuwa na kipindi cha upumbavu pia. Nilitaka kuharakisha kwa sababu ya harusi ya mpwa wangu, nikashuka hadi 1,200. Siku ya tisa nilishikwa na kizunguzungu nikiwa nimesimama kwenye daladala, na usiku wa siku ya kumi na moja nilijikuta nimesimama gizani jikoni nikila mkate mtupu, slesi baada ya slesi. Nilipoandika jumla ya juma lile, wastani ulikuwa 1,700. Nilikuwa nimeteseka kwa kalori 50 za ziada. Harusini nilivaa gauni lile lile.

Kisha ikaingia Ramadhani, mwanzoni mwa Aprili. Niliamini kwamba kufunga kungenisaidia, lakini futari ya nyumbani kwetu si mzaha: uji, tende, tambi za sukari, muhogo wa nazi, sambusa, kaimati zinazong'aa kwa shira. Jioni kabla ya kufuturu nilikuwa mwepesi kwa sababu ya ukosefu wa maji, na nilipofika Idi nilikuwa nimeongezeka kilo 1.5. Mwaka uliofuata nilibadili jambo moja tu: niliacha kuhesabu kwa siku nikahesabu kwa juma, kalori 11,550, ili jioni nzito ipate nafasi bila kuivunja hesabu nzima. Ilifaa.

Hali ya watu wanaonizunguka nayo ilihitaji hesabu yake. Kwetu mtu akinawiri husifiwa, na akipungua huulizwa ana nini. Jirani aliniita pembeni kunishauri nikapime, na mfanyakazi mwenzangu akauliza kwa sauti ya chini kama ndoa ina matatizo. Mdogo wangu, kwa upande mwingine, alitaka nimpe namba yangu aitumie kama ilivyo. Nilimkatalia. Alikuwa ananyonyesha, na mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, tena namba yangu ilikuwa imetoka kwenye kimo changu na sufuria zangu. Nilimwambia akazungumze na mtaalamu wa lishe kliniki, na nadhani alininunia kwa wiki mbili.

Kufikia Machi 2023 nilikuwa na kilo 73, na presha ilikuwa imeshuka kiasi cha kumfurahisha daktari. Lakini tangu Desemba mzani ulikuwa umegoma karibu kabisa, nami nilikuwa nakula zile zile 1,650. Nilirudi kwenye kanuni: 730 jumlisha 1,000, toa 215, toa 161, ikawa 1,354, mara 1.44, ikawa 1,950. Mwili mdogo unakula kidogo. Ile tofauti ya 500 niliyoianza nayo ilikuwa imenyong'onyea hadi 300 bila mimi kubadili kitu, na safari mbili za andazi la ofisini kwa juma, pamoja na kijiko kilichoanza tena kuota kilima, zilikuwa zimekula sehemu kubwa ya zile zilizobaki. Sikushuka zaidi. Niliona nimefika mahali ninapoweza kukaa, nikapandisha kidogo kidogo hadi 1,900, na hapo ndipo nilipo hadi sasa, nikiwa kati ya kilo 73 na 75.

Mama yangu, ambaye yuko Tanga, hajawahi kuupenda mzani. Kwake tunakula sinia moja, mikono mitano au sita, na hakuna hesabu ya sufuria inayoweza kulifuata tonge likishaondoka upande wako. Nikiwa kwake sipimi. Nakula upande wangu wa sinia, naacha kuongezewa mara ya tatu, na juma linalofuata naangalia wastani. Safari moja niliusahau mzani ndani ya mkoba, akaukuta.

"Mwanangu, unapima chakula kama sonara?"

"Shikamoo tena, mama. Ni wa kazini."

"Marahaba. Muongo." Akaketi mkekani, akachukua andazi kutoka kwenye bakuli, akaliweka juu ya mzani kwa vidole viwili kana kwamba linaunguza. "Haya, na hili ngapi?"

Lilikuwa gramu 80. Nikamwambia, kwa haya ya mafuta mengi, ni kama 280. Akanitazama, akalitazama andazi, akalimega katikati, nusu akala yeye, nusu akanipa mimi. Niliandika 140.